Mwalimu na Namba Iliyohama

Neno moja la Mwalimu lilitutia jasho kuliko kiboko cha mwalimu mkuu: "Umejuaje?"

Alitufundisha hesabu katika shule ya msingi hapa Kimulot, na jibu sahihi peke yake halikumridhisha. Siku moja nilinyoosha mkono nikasema kumi na nane. Na kweli ilikuwa kumi na nane. Akaniangalia juu ya miwani. "Umejuaje?" Nikashusha mkono. Akaliandika jibu langu ubaoni, akalifuta kwa kiganja, akasema, "Hiyo umeokota njiani, Wambui. Rudi ukaitafute vizuri." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilipofika thelathini na nne, nikiwa na duka langu la simu na vifaa vya intaneti pale senta, bado nikimwona akivuka barabara nilinyoosha mgongo na kujitafutia kazi ya kufanya.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Baba yangu, aliyehamia huku kutoka Nyeri kuja kuuza mabati na misumari, alimwita Mwalimu ingawa alimzidi umri. Kwenye kituo cha kupimia majani chai alikuwa Mwalimu, kanisani Mwalimu, na mkewe naye, hata alipokuwa amesahau karibu kila kitu, alimwita Mwalimu.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sweta la kijani lililochakaa viwikoni na gambuti nyeusi za mpira zilizosafishwa kila asubuhi kana kwamba anaenda kukaguliwa. Alifika kila mahali mapema. Mkutano ukiitwa saa nne, saa tatu yuko pale, ameketi karibu na mlango, anatazama saa. Dukani kwangu alisoma maandishi yote kwenye boksi la bidhaa kabla ya kuuliza chochote, hata yale ya Kichina, akiyafuata kwa kidole. Na mtu huyohuyo aliyetudai sababu ya kila jambo alikuwa akisimama nje, anageuzia pua yake upande wa msitu wa Mau, anasema, "Leo itanyesha kabla ya saa nane." Ukimuuliza amejuaje, anakasirika. "Nimejua tu."

Mara nyingi ilinyesha.

Mbele za watu hakuwa na maneno mengi kwa mkewe, Bot Chebet, yaani mama yake Chebet, binti yao wa pekee, ambaye ni muuguzi Nakuru. Walitembea kwenda kanisani yeye mbele na mama nyuma, hatua kumi katikati, miaka yote niliyowajua. Watu walisema ni mtu mgumu. Mimi pia nilisema. Kisha siku moja nilifika kwao bila kutarajiwa kurudisha redio niliyokuwa nimeitengeneza, nikamkuta amepiga magoti sakafuni, sweta limekunjwa mikono, anamwosha mkewe miguu kwenye karai. Alikuwa anamsemesha kwa sauti ya chini, Kipsigis laini ambayo sikuwahi kuisikia mdomoni mwake. Aliponiona hakuinuka. Alisema tu, "Weka hapo mezani," akaendelea kukausha kidole kimoja kimoja.

Ndipo nilipojua kwamba Bot Chebet anaumwa.

Alikuwa ameanza kusahau. Alitia chumvi kwenye chai mara mbili, kisha akaanza kwenda kuchuma majani Jumapili, kisha akawa anatoka nyumbani na kutembea hadi mtu amrudishe. Mwalimu alificha jambo hilo karibu mwaka mzima. Majirani wakimrudisha mama, aliwaambia kwamba alikuwa amemtuma mahali. Lakini majani chai hayasubiri. Yakikomaa yameharibika, na lori la kiwanda likipita limepita. Vibarua walikuwa adimu. Kwa hiyo alichuma huku akikimbia nyumbani kila baada ya muda kidogo, mlima ule, na umri ule, akirudi amepauka midomo.

Chebet akatuma kamera. Mwalimu akaniletea ikiwa bado imefungwa.

"Inasema ni lazima intaneti," akasema. "Na inasema nitamwona nikiwa shambani. Ni kweli?"

Nilikwenda siku ya Alhamisi. Kampuni ya intaneti ilikuwa imeshapitisha waya kwenye nguzo za barabarani, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kufunga ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti nyumbani, kutundika kamera kwenye kona ya sebule ili ione kiti cha mama na mlango, na kuifungulia njia ili ipatikane kutoka nje. Bot Chebet alinitazama akiwa amekunja kitambaa mapajani. Aliniuliza mara tatu kama nimekunywa chai. Mara zote tatu Mwalimu alimjibu kwa utulivu, "Amekunywa."

Nilipomaliza nilimwandikia Mwalimu namba kwenye karatasi, makundi manne ya tarakimu yenye nukta katikati.

"Hii ni ya nini?"

"Ni anwani ya nyumba yako kwenye intaneti, Mwalimu. Ukiiandika kwenye simu, popote ulipo, kamera inafunguka. Unaweka paswadi yako, unamwona mama."

Akaisoma polepole. "Na ni yangu?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nilijua kwamba haikuwa yake. Nilijua kwamba namba hizo kampuni huazimisha tu, leo ziko kwako, kesho ziko kwingine. Lakini mawingu yalikuwa yameshuka juu ya msitu, pikipiki ilikuwa inanisubiri barabarani, na zaidi ya yote niliogopa maswali. Nikimwambia inaweza kubadilika, ataniuliza lini, ataniuliza kwa nini, na mimi sikuwa na majibu ya kusimama nayo mbele yake.

"Ni yako," nikasema.

Kufikia Jumapili alikuwa ameikariri. Aliitundika simu shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa kwa uzi wa viatu, na kila alipomaliza mstari mmoja wa michai aliweka kikapu chini, akafuta vidole, akaandika namba. Kanisani alitoka katikati ya maombi na kurudi kabla ya amina. Wazee wenzake walinong'ona. Hakujali. Kwenye kituo cha majani alianza kuwaambia watu habari za nyumbani, yeye ambaye hakuwahi kusema lolote la kwake: "Sasa anakunja nguo. Ni ileile tangu asubuhi." Na alikuwa akitabasamu. Kwa majuma matano namba haikubadilika, na kila nilipomwona akitabasamu nilijitafutia kazi ya kufanya. Nilijiambia nitapita kwake nimweleze. Nilijiambia hivyo kila juma.

Siku ya mvua ya mawe nilikuwa dukani. Ilianza saa nane na nusu, ikapiga mabati hadi hatukuweza kusikiana, barabara ikawa nyeupe. Stima ikapotea, taa zikazimika. Baada ya kama nusu saa ikarudi kabla mawe hayajakoma, na yalipokoma simu yangu ikaita.

"Wambui!" Sikumtambua. Sauti ilikuwa juu, imepasuka. "Kuna mtu kwangu! Amebadilisha paswadi!"

"Mwalimu, tulia. Uko wapi?"

"Kituo cha majani. Nimeandika namba, imefunguka vizuri, ukurasa ni uleule, lakini inakataa paswadi. Nimejaribu mara saba. Kuna mtu ameingia nyumbani!"

Nilielewa papo hapo. "Mwalimu, hakuna mtu. Namba imebadilika. Hiyo unayofungua si kamera yako."

Nyuma yake nilisikia watu wakipiga kelele juu ya lori.

"Namba yangu imebadilikaje?"

"Kimbia nyumbani, Mwalimu. Nakuja."

Nilimkuta barabarani amefika nusu ya mlima, ameshika kiuno, hawezi kupumua vizuri. Nikampakia kwenye pikipiki katikati yangu na dereva. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi. Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Kwenye kona, taa ndogo ya kamera ilikuwa inawaka kama kawaida, inatazama kiti kile.

Mwalimu aliita. Alizunguka nyumba, akaingia zizini, akachungulia chooni. Mimi niliteremka hadi kijito nikitazama maji ya udongo yanayokwenda kasi, nikaogopa kutazama sana. Jirani, mwanamke wa makamo tuliyemwita Bot Kiptoo, alitoka kwake na gunia kichwani, akaungana nasi bila kuuliza. Yeye ndiye aliyempata. Tulisikia akipiga yowe kutoka shamba la juu, karibu na msitu.

Bot Chebet alikuwa katikati ya michai ya watu, kikapu mgongoni, anachuma. Mawe ya barafu yalikuwa bado yamejaa juu ya majani, naye alikuwa anayachuma pamoja na majani, anayatupa nyuma ya bega kama alivyofanya maisha yake yote. Damu ilikuwa imemtoka sikioni na kwenye paji la uso. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, havikunjiki sawasawa. Alipomwona mumewe alisema, kwa wasiwasi mkubwa, "Mwalimu, lori limefika?"

"Bado," akasema Mwalimu. "Lori bado." Akavua sweta lake lililolowa na kumvisha, jambo lisilo na maana yoyote, akaanza kumshusha.

Alipona, ingawa alikohoa majuma mengi. Mwalimu hakunilaumu. Hakuniambia neno hadi kesho yake saa mbili asubuhi, nilipofika kufungua duka na kumkuta amesimama mlangoni.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungeniuliza kwa nini inabadilika."

Nadhani hilo lilimuumiza zaidi kuliko kosa lenyewe. Akaingia, akavuta stuli, akachukua kifuniko cha katoni na kalamu ya risasi iliyokuwa kwenye kaunta. "Basi nakuuliza sasa. Anza."

Nikamweleza kama nilivyoweza. Kampuni ina fungu la namba, na wateja ni wengi kuliko namba. Kwa hiyo haimpi mtu namba ya kudumu. Inamwazima kwa muda. Ruta ikiwa inawaka, kila baada ya muda inaiambia kampuni, bado niko, na kampuni inamwongezea muda. Inaweza kuendelea hivyo juma, mwezi, ukadhani ni yako. Stima ikipotea, ruta inanyamaza. Kampuni inaichukua namba na kumpa mwingine. Ruta ikiamka inaomba upya, inapewa iliyopo.

"Na yangu alipewa nani?"

Hilo nilikuwa nimeshalitafuta. "Duka la maziwa pale mbele. Mimi ndiye niliyewafungia kamera, aina ileile, ndiyo maana ulipata ukurasa unaofanana. Ulikuwa unabisha hodi kwa watu wengine."

Akaandika kwenye kifuniko, akachora mishale. "Kwa hiyo kamera yangu ilikuwa inafanya kazi."

"Tangu stima iliporudi."

"Ilikuwa inamwona akitoka."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaweka kalamu chini. Akaificha mikono yake katikati ya magoti.

Kuanzia siku hiyo alifungua daftari. Asubuhi, mchana na jioni aliandika namba ya ruta, na kila stima ilipopotea aliandika ilipotea kwa muda gani. Nilimletea betri ndogo ya kushikilia ruta stima ikikatika, na kwa siku nyingi namba ikatulia. Akaanza kulala. Kisha asubuhi moja, jua linawaka, stima ipo, betri imejaa, namba ikabadilika. Alinijia amevaa gambuti tofauti, moja ya kwake na moja ya mkewe.

"Hakuna kilichozimika," akasema. "Hakuna! Nimekaa pale. Kwa nini?"

Tulikwenda pamoja hadi ofisi ya kampuni mjini Kericho. Kijana wa kaunta alitusikiliza huku anachapa. "Mzee, hiyo ni kawaida. Wakati mwingine tunapanga mitambo upya upande wetu, namba zinazunguka."

"Mnatuambia kabla?"

"Hapana, mzee. Wateja wengi hata hawajui. Ukitumia intaneti ya kawaida haikusumbui."

"Mimi mke wangu yuko ndani ya hiyo namba," Mwalimu akasema.

Kijana aliacha kuchapa. Alituambia kwa upole kwamba namba isiyobadilika wanatoa kwa maofisi tu, na akatuelekeza kwenye njia nyingine, ambayo mimi niliijua tayari lakini nilitaka aisikie kwa mtu mwingine: unasajili jina, ruta inaliambia jina hilo kila namba inapobadilika, na wewe unaandika jina badala ya namba.

Alikataa. Siku nyingi alikataa. Alitaka kujua jina linakaa wapi, linatunzwa na nani, na ruta ikibadilisha namba, jina linajua baada ya muda gani.

"Dakika chache," nikasema. "Tano, wakati mwingine kumi."

"Na hizo dakika, nani yuko naye?"

Sikuwa na jibu, na safari hii nilisema hivyo. "Sijui, Mwalimu. Hapo hakuna kitu ninachoweza kufunga."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaonekana karibu kuridhika. Siku hiyohiyo alikwenda kwa Bot Kiptoo. Alikuwa mtu asiyeomba; alikuwa amekataa hata kuletewa kuni alipougua mgongo. Bot Kiptoo aliniambia baadaye kwamba alisimama uani kwake akisafisha gambuti kwenye nyasi hadi zikang'aa, ndipo akasema. Walikubaliana hivi: stima ikipotea, au Mwalimu akipiga simu mara moja na kukata, Bot Kiptoo anaacha alichoshika na kwenda kuketi na mama. Naye alikwenda. Alikwenda na unga mikononi, alikwenda na mtoto mgongoni. Nami nikasajili lile jina, na Mwalimu akalitumia, ingawa daftari hakuliacha.

Bot Chebet aliishi karibu miaka miwili zaidi. Alifia kitandani kwake, asubuhi, Mwalimu amemshika mguu chini ya blanketi. Kamera ilikuwa sebuleni na haikuona chochote.

Baada ya mazishi nilimwona mara chache. Michai aliwaachia wengine wachume. Nilisikia kwamba ameacha kufika mapema. Kisha nikasikia kwamba siku moja alifika kanisani Jumatano na kuketi peke yake hadi mlinzi alipomwambia. Nilicheka niliposikia, kisha nikaacha kucheka.

Miezi michache iliyopita alikuja dukani. Alisimama mbele ya kaunta, amenyolewa vizuri, anaongea kwa sauti ile ya zamani.

"Nataka uihamishe kamera. Iangalie jikoni na mlango wa nyuma."

"Kuna mtu anaingia?"

"Mimi ndiye ninayetoka," akasema. "Nimeunguza sufuria mbili. Juzi nilijikuta kwenye barabara ya Kapset na sikujua nilifikaje. Nataka Chebet anione. Na nataka wewe umweleze mambo yote ambayo hiyo mashine inaweza kukataa. Yote. Mimi nikimweleza nitaruka mengine."

Nikafunga duka tukaenda. Nilihamisha kamera, nikapitisha waya juu ya dari, nikabadilisha betri. Kisha nikampigia Chebet, nikaweka sauti ya nje juu ya meza, nikamweleza. Nilimwambia namba itabadilika bila kuaga mtu. Nilimwambia jina huchelewa, ukurasa ukikataa paswadi asidhani ni mwizi, waya wa barabarani mti ukiuangukia hakuna atakachoona, na hata picha ikiwa safi kuna pembe nyuma ya jiko ambayo kamera haifiki. Nilimpa namba ya Bot Kiptoo, nikamwomba airudie. Ilinichukua muda mrefu. Chebet hakunikatiza, mara moja nilisikia akipenga kamasi. Mwalimu alisikiliza huku akinihesabia kwa vidole, na nilipomaliza akasema, "Umesahau ngurumo." Nikaongeza ngurumo, kwamba radi ikipiga inaweza kuunguza ruta.

"Haya, nafungua," Chebet akasema.

Tukasubiri. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha jikoni, mikono juu ya magoti, hajui atazame wapi.

"Nakuona, Baba. Nakuona vizuri." Kisha sauti ikapungua. "Mbona umevaa koti? Unaenda mahali?"

Mwalimu akajitazama. Kweli alikuwa amevaa koti la kanisani, limefungwa hadi kifungo cha juu, na kofia ilikuwa mkononi. Sikuwa nimemwona akivaa. Nadhani alivaa nilipokuwa juu ya ngazi. Akafikiri, akatazama mlango wa nyuma, akatazama kofia.

"Baba? Unaenda wapi?"

"Siendi," akasema hatimaye. Akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, kuanzia juu. "Nilikuwa naenda, lakini siendi."

Nikampigia Bot Kiptoo simu mara moja, nikakata. Kisha nikavuta kiti kingine, nikaketi naye hadi tuliposikia lango.